Tiflitisi

Tiflitisi ni ugonjwa hatari wa kuvimba kwa utumbo, unaowapata hasa wagonjwa wa saratani ambao kinga yao imeporomoka kutokana na dawa. Kwa kawaida hushika mwanzo wa utumbo mpana, upande wa chini kulia wa tumbo, jirani na kidole tumbo. Kwa watoto huonekana zaidi wakati wa matibabu ya lukemia kali. Wenye limfoma, ikiwemo ile ya Burkitt, nao hupatwa.

Chanzo

Dawa za saratani, kama sitarabini na doksorubisini, huua seli zinazogawanyika upesi. Utando wa ndani wa utumbo huchubuka, na wakati huohuo uboho hushindwa kutengeneza nyutrofili, yaani chembe nyeupe za damu zinazopambana na bakteria. Hizi zikishuka chini ya 500 kwa kila mikrolita ya damu, bakteria waliokuwa wakiishi tumboni bila madhara hupenya. Ukuta wa utumbo huvimba, huvuja damu, na ukizidiwa hutoboka. Bakteria wakienea katika damu, mgonjwa anaweza kufa kwa muda mfupi.

Dalili na utambuzi

Homa, maumivu ya tumbo na kuhara, pengine kwa damu, ndizo dalili kuu. Maumivu hufanana mno na ya kidole tumbo. Anayetumia deksamethasoni au prednisoloni, dawa za steroidi zinazoficha dalili, huwa mgumu zaidi kutambuliwa: tumbo lake laweza kuwa laini hali utumbo umekwisha kutoboka. Kwa hiyo daktari makini humpapasa tena na tena kwa siku. Ultrasaundi huonyesha ukuta wa utumbo wenye unene unaozidi milimita 3; kipimo cha CT huonyesha zaidi, lakini kwa mionzi.

Historia

Daktari Wagner na wenzake waliueleza ugonjwa huu kwa watoto wenye lukemia mwaka 1970.

Tiba

Mtoto husimamishwa kula na huwekewa dripu. Antibiotiki za mshipani, mara nyingi pamoja na metronidazoli, huanza papo hapo bila kungoja majibu ya maabara. Wengi hupona bila kisu. Upasuaji hufanywa utumbo ukitoboka au damu isipokoma. Enema na kipimajoto cha njia ya haja kubwa ni mwiko.

Mzazi asitulize homa kwa parasetamoli nyumbani. Mtoto aliye kwenye dawa za saratani akifikisha nyuzi 38, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.