Kabla Hujamnunulia Mzee Mashine ya Pumzi

Mtu akikoroma mpaka nyumba ya pili wakasikia, kwetu husemwa kalala fofofo. Mara nyingi ni kinyume chake. Ikiwa mkoromo hukatika ghafla, pakawa kimya kwa sekunde 10 au zaidi, kisha akagutuka akitweta kama aliyezama na kuibuka, basi koo lake linajifunga na pumzi inakatika. Hii ndiyo apnea ya usingizi. Asubuhi huamka na kichwa kizito, mchana husinzia kazini au, la hatari zaidi, akiwa ameshika usukani. Maradhi haya huandamana na presha na magonjwa ya moyo.

Tiba yake kuu ni hewa. Mwaka 1981 daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, na wenzake walichapisha habari za mashine inayosukuma hewa puani ili koo lisijifunge. Ndiyo CPAP, ambayo wengi huitamka sipapu. Swali ninaloulizwa sana ni hili: tumnunulie mzee ipi, maana kuna jamaa Dubai anaweza kutuletea? Jibu langu huwa moja: usianze na mashine, anza na kipimo.

Kipimo cha usingizi huhesabu pumzi inakatika au kupungua mara ngapi kwa saa. Kati ya 5 na 14 ni hali nyepesi, 15 hadi 29 ni ya wastani, 30 na kuendelea ni kali. Daktari ndiye atakayeandika aina ya mashine na nguvu ya hewa, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 4 na 20 kwa kipimo cha sentimita za maji.

Aina ni tatu. CPAP husukuma hewa kwa nguvu moja usiku kucha. APAP hujipandisha na kujishusha yenyewe kulingana na koo. BiPAP ina nguvu mbili, kubwa ya kuvuta pumzi na ndogo ya kutoa, na hupewa wagonjwa maalumu. Usiinunue kwa kuwa ni ghali ukadhani ndiyo bora. Na mwenye moyo uliodhoofika asijichagulie kabisa. Vile vile, mashine ya oksijeni si sipapu. Oksijeni huongeza ubora wa hewa, lakini haifungui koo lililojifunga.

Ukishapata cheti cha daktari, tumia muda wako mwingi kwenye barakoa. Wengi wanaoiacha sipapu kabatini hushindwa na barakoa, si mashine. Kuna ya kuziba pua, ya vijibomba viwili vya puani, na ya kufunika pua na mdomo. Anayelala mdomo wazi huenda akahitaji hii ya mwisho. Mwenye ndevu nyingi hewa humvujia pembeni, kwa hivyo ajaribu kwanza ile ya vijibomba. Muuzaji amruhusu mgonjwa kuijaribu akiwa amelala, mashine ikiwa inapuliza.

Mashine nyingi hukubali umeme wa volti 100 hadi 240, lakini soma kibandiko chini yake. Uliza kama ina betri yake, maana stima ikipotea usiku hewa nayo inakatika. Kile kichombo cha kupasha maji ndicho kinachokula betri zaidi. Maji yake yawe yaliyokenekwa. Ya kisima chetu cha chumvi huacha ukoko.

Sasa zile zilizotumika. Rahisi huvunja upishi. Juni 2021 kampuni ya Philips ilizirudisha mashine zake nyingi, zikiwemo DreamStation za mwanzo, kwa sababu sponji ya kupunguza kelele ndani yake ingeweza kumeng'enyeka na mgonjwa akaivuta. Kabla jamaa hajalipa, akutumie picha ya jina na nambari ya mashine, kisha iangalie kwenye orodha ya kampuni. Uliza imefanya kazi saa ngapi. Barakoa, mpira wa hewa na kichujio vinunuliwe vipya.

Muuzaji wa hapa umuulize mambo matatu: dhamana ni ya muda gani, vichujio na barakoa vinapatikana Mombasa au mpaka viagizwe, na nani atasoma kumbukumbu za mashine baada ya mwezi. Bila majibu hayo, bei nzuri haina maana.

Na mzee aelezwe mapema: haiponyi, hulinda usiku ule tu aliyoivaa. Alale nayo usingizi wote, hata ule wa mchana. Ramadhani akiamka kula daku, akirudi kitandani aivae tena.