Stuli za Kaunta ya Jikoni: Kabla Utoe Doo, Shika Tepu Kwanza

Kama unajenga Uriri, Awendo ama hapo karibu na Migori town, hii story unaijua. Jikoni ya kuni iko nje kama kawaida, lakini ndani ya nyumba msee ameweka kaunta kali, tailsi zinang'aa. Kisha anaagiza stuli kwa kuangalia picha kwa simu. Zikifika, mapaja hayaingii chini ya kaunta, ama kidevu kinakaa kwa sahani. Doo imeenda.

Anza na urefu, rangi itangoja. Pima kutoka sakafuni hadi juu ya kaunta, na upime tailsi zikishawekwa, juu na chini. Ukipima kwa simiti tupu, fundi wa tailsi atakuharibia hesabu. Kati ya kikalio na juu ya kaunta unataka inchi 10 hadi 12. Kaunta ya kawaida ya jikoni ni inchi 36, kwa hivyo kikalio kiwe inchi 24 hadi 26. Ile ndefu kama ya baa, inchi 42, inataka kikalio cha inchi 30 hivi. Ukichanganya hizo mbili, umeisha.

Lakini mara nyingi shida si stuli, ni kaunta yenyewe. Fundi anaijenga kama boksi: matofali chini, slabu juu, zote zimeishia pamoja. Ukikaa, magoti yanagonga ukuta, unakula ukiwa umegeuka kama mathe aliyekaa upande kwa bodaboda. Mwambie kabla amwage slabu: juu itokeze inchi 10 hadi 12 upande wa kukalia. Kama ishajengwa, ongeza ubao mpana ulioshikiliwa na vyuma vya pembe. Si mrembo sana lakini inasaidia.

Idadi ni rahisi. Kila mtu apate inchi 24. Kaunta ya futi 6 ni stuli 3, hata bro wako akisema 5 zinatoshea.

Mimi ningeenda kwa fundi wa jua kali badala ya dukani, kwa sababu atakukatia urefu wako. Za chuma, ziweke kwa sakafu iliyo sawa uzitikise kabla ulipe, na udai raba chini ya miguu, la sivyo zitakwaruza tailsi. Za mbao, uliza kama mbao imekauka vizuri. Mbao mbichi hunywea ikikauka, na viungo vinaanza kucheza.

Mto wa kitambaa uachane nao kama unapika omena. Utanuka hadi Krismasi. Chukua ngozi bandia, unapangusa na kitambaa chenye maji, imeisha.

Sasa fikiria wanaokalia. Stuli bila chuma cha kukanyagia hufanya miguu ining'inie hadi ife ganzi. Kikanyagio kiwe kama inchi 16 hadi 18 chini ya kikalio. Dani akikuja, mwekee kiti cha kawaida, usimpandishe huko juu. Na kama kuna watoto, chagua stuli ambayo miguu imetanuka chini kuliko kikalio. Ile iliyosimama wima na nyembamba hupinduka mtoto akiiparamia kutoka upande mmoja, na chini ni tailsi.