Dada wa Mjini Kaosha Mayai, Bibi wa Iringa Angemnyang'anya Trei: Historia ya Yai Kabla ya Friji

Wadau, hizi klipu mmeziona. Dada mmoja wa mjini, jina kapuni, kaletewa trei ya mayai ya kienyeji kutoka kwao Mbeya. Kayamwaga kwenye sinki, kayasugua kwa sabuni na maji ya bomba, kayapanga kwenye kontena linalong'aa, friji ikafungwa. Watu wanashangilia usafi. Mimi nikamkumbuka bibi yangu wa Iringa. Angemnyang'anya ile trei.

Mjue kwanza kwamba Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya iko juu zaidi. Mwezi wa sita na wa saba baridi yake si ya mchezo, nyumba yenyewe ni friji. Bibi alikuwa na kikapu cha milulu, vilevile ambavyo leo watalii wanavigombania. Chini pumba kavu, mayai juu yake, ncha nyembamba ikiangalia chini, kikapu kinakaa kona yenye giza mbali na mafiga. Yai likiwa na kinyesi analipangusa kwa kitambaa kikavu. Maji, hapana kabisa.

Kwa nini alikuwa mkali hivyo? Kwa sababu zamani yai halikuwa kifungua kinywa. Sehemu nyingi za Tanzania mjamzito aliambiwa kabisa asile yai. Lilikuwa la kuangulia, la mgeni, au la kuuza upate chumvi na sabuni. Moja linaachwa kwenye kiota ili kuku asihame, mengine yanasubiri mpaka aanze kuatamia. Kwa hiyo masharti yale yote, ubaridi, giza, kutoosha, yalikuwa ya kulinda kifaranga ambaye hajazaliwa. Sisi walaji tumeyarithi tu, na yanatufaa vilevile.

Ukweli ni kwamba ganda la yai lina vitundu maelfu. Kuku akitaga analipaka yai utando mwembamba unaoziba vile vitundu. Ukiliosha, utando unaondoka. Na maji baridi ndiyo mabaya zaidi: yai lenye joto likiingia kwenye maji ya bomba ya Mbeya ya mwezi wa saba (yale yanayouma mpaka mfupa), vitu vya ndani vinasinyaa na yai linavuta maji ya nje, pamoja na uchafu wote uliokuwa kwenye ganda. Yaani unaliosha nje, unalichafua ndani.

Wazungu wenyewe hawajakubaliana kwenye hili. Marekani mayai ya viwandani yanaoshwa kwa maji ya moto kidogo, halafu lazima yakae kwenye ubaridi usiozidi nyuzi 7. Umoja wa Ulaya kwa kawaida unakataza kuosha mayai ya daraja la A yanayouzwa madukani. Waingereza enzi za vita walikuwa wanayatumbukiza kwenye ndoo za maji ya silikati, yanakaa miezi.

Hao hao Waingereza, Desemba 1988, waziri mdogo wa afya, mwanamama, alitamka hadharani kwamba uzalishaji mwingi wa mayai nchini umeathirika na salmonela. Soko likaanguka, wiki mbili hazikupita akaachia kiti, na kuku kwa mamilioni wakauawa. Alizidisha, lakini tatizo lilikuwepo: salmonela nyingine inaingia ndani ya yai likiwa bado tumboni mwa kuku, hata ganda halijajengwa. Baadaye wakachanja kuku, na 2017 mamlaka yao ikaruhusu hata wajawazito kula yai ambalo halijaiva vizuri, mradi lina mhuri wa simba. Huku kwetu mhuri huo hakuna, kwa hiyo kiini kiive mpaka kiwe kigumu.

Hapo ndipo namkosoa bibi kidogo. Yeye alilijaribu yai kwenye bakuli la maji: likizama zima, likielea bovu. Jaribio lile linakuonyesha umri, maana yai likikaa hewa ya ndani inaongezeka. Salmonela haielei.

Kingine ambacho bibi hakukijua ni safari. TAZARA ilijengwa 1970 hadi 1975, barabara ya TANZAM nayo ikawa ya lami, na yai la Mbeya likaanza kushuka Kitonga, kupita joto la Ruaha Mbuyuni, mpaka Dar. Yai la baridi likiingia kwenye joto la Pwani linatoka jasho, na ule unyevu unapitisha uchafu kwenye vitundu kama maji ya sinki tu. Mchezo huohuo unatokea ukilitoa kwenye friji, ukalirudisha, ukalitoa tena.

Basi ukiwa Iringa au Mbeya, kona ya giza inatosha kama unayamaliza ndani ya wiki moja au mbili. Dar, weka kwenye friji bila kuosha, kwenye rafu ya ndani na siyo mlangoni panapofunguliwa kila dakika, na ukilitoa lipike. Lililopasuka njiani usilihifadhi. La kuosha lioshe wakati sufuria iko jikoni tayari, halafu nawa mikono na sabuni.

Na lile kontena linalong'aa, hilo ndilo la kuosha. Lifute likauke ndiyo uweke mayai.