Shule ni ya nani? Historia fupi ya kamati ya wazazi

Wiki hizi wazazi wengi wanauliza: kamati ya wazazi kazi yake nini, kama shule ya msingi ni ya bure? Jibu liko katika historia.

Mwishoni mwa 1974, serikali ya Mobutu ilizitwaa shule za makanisa. Mzigo ukawa mzito. Tarehe 26 Februari 1977 ikatia sahihi mkataba na makanisa: serikali ipange masomo na kulipa walimu, makanisa yasimamie shule. Ndiyo sababu Ibanda, Kadutu na Bagira tuna shule za Wakatoliki na za Waprotestanti ambazo bado ni shule za serikali. Wazazi hawakutia sahihi mkataba ule.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mishahara ya walimu ikapoteza thamani, walimu wakagoma. Wazazi wakakubali kuchanga pesa ya kuwaongezea, ile tuliyozoea kuiita primu. Vita ya 1998 ilipoikata Bukavu na Kinshasa, michango hiyo ndiyo iliyozuia shule zisifungwe. Mama muuza ndizi alimlipa mwalimu. Hapo kamati ikapata nguvu, kwa kuwa anayetoa pesa huuliza imekwenda wapi.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema shule ya msingi ya serikali ni ya bure. Utekelezaji ulianza Septemba 2019. Wazazi wakapumua, lakini wengi wakaacha pia kufika mikutanoni. Hilo ndilo kosa letu.

Shule ni amana. Si mali ya direkta, wala ya padri, wala ya mwenyekiti wa kamati. Mjumbe huchaguliwa na wazazi, akaketi na direkta na wajumbe wa walimu katika baraza la usimamizi. Pale huuliza pesa ya uendeshaji imeingia kiasi gani na imenunua nini. Hamwamrishi mwalimu darasani. Hashiki sanduku peke yake. Na akitoka pale, anarudi kuwaeleza waliomchagua. Akinyamaza, amegeuka mgeni wa direkta.

Leo, baada ya mapigano ya 2025, madarasa yetu yana watoto waliofika bila karatasi wala sare, wengine wakiishi kwa bibi au kwa jirani. Wazazi wao hawamo katika orodha ya wapiga kura wa shule. Kamati inayochunga amana inawahesabu nao, na anayewalea akaribishwe mkutanoni aseme.

Pesa yetu ilitupa sauti wakati ule. Watoto wetu wanatupa sauti sasa. Mkutano ukiitishwa, tufike, tuombe hesabu isomwe mbele ya wote.