Vyuo Visivyosomwa: Historia Fupi ya Msomaji wa Polepole

Nyumbani kwangu hapa Dimani, wilayani Kibiti, mna vitabu 143, na katika hivyo 91 sijavisoma. Nilivihesabu mwezi uliopita, si kwa fahari, bali kwa sababu bati la chumba cha nyuma lilianza kuvuja na ilinilazimu kuvihamisha kimoja kimoja. Mimi ni msomaji wa polepole. Kurasa kumi kwa usiku mmoja ndiyo safari yangu ndefu. Shairi likiwa zuri hurudi nyuma mara tatu, na likiwa zuri mno hulala nalo kifuani bila kuvuka ubeti wa pili. Kwa mwendo huo humaliza vitabu kumi kwa mwaka, ilhali vinavyoingia mlangoni havipungui kumi na vitano. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu.

Kwa muda mrefu nililiona jambo hili kuwa aibu ya kuficha. Nikaanza kujiuliza: je, wahenga wetu wa mwambao, walioishi na maandishi kwa karne kadhaa kabla ya sisi kuzaliwa, nao walikuwa na rundo?

Nianze na neno lenyewe, kwani wasomaji wa ukurasa huu hawachoki na maneno. Katika Kiswahili cha kale kitabu kiliitwa chuo, na wingi wake vyuo. Baadaye neno hilo likahama kutoka kwenye kitu kinachosomwa hadi mahali pa kusomea, likawa darasa la Kurani, na leo ni taasisi yenye mkuu na mhasibu. Ila mwanachuoni amebaki pale pale: ni mtu anayeishi ndani ya kitabu. Hatukumwita mwenye vyuo. Sifa yake ilikuwa kukaa ndani, wala si wingi wa alivyonavyo.

Na kukaa ndani kulikuwa lazima, kwa sababu maandishi yenyewe hayakuruhusu haraka. Hati ya Kiarabu, jinsi ilivyotumika zamani kuandikia Kiswahili, haikutenganisha vyema e na i, wala o na u. Mara nyingi b ilisimama mahali pa p, na sauti ya m au n iliyotangulia konsonanti iliachwa bila alama. Kwa hiyo pembe na bibi yangeweza kuandikwa sawasawa, na msomaji akabaki kuamua mwenyewe kama mshairi anamtaja ng'ombe au mkewe. Aliyeweza kuusoma utenzi bila kusitasita alikuwa ameshausikia ukighanwa. Jicho lilikuja kuthibitisha kile ambacho sikio lilikwisha kukipokea. Utendi wa Tambuka, ambao Mwengo wa Athumani aliutunga Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,100. Kazi ya namna hiyo mtu hainunui Jumamosi ili aimalize Jumapili. Kuunakili kwa kalamu ya tete peke yake ni kazi ya siku nyingi, na anayenakili ndiye msomaji wa polepole kuliko wote.

Basi nikadhani nimepata utetezi wangu: rundo ni ugonjwa wa matbaa, na wazee hawakuugua. Lakini kisa cha Muyaka kilinirudisha nyuma.

Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840, na mashairi yake mengi yalibaki vinywani mwa watu. Mwaka 1880 alifika pwani mmisionari Mwingereza, William Taylor, aliyependa mno lugha yetu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mshairi na mwanachuoni wa Mombasa, ndiye aliyemkusanyia mashairi hayo na kumfafanulia yale ambayo mgeni asingeyapata. Sikujua alifariki mwaka 1890. Taylor akaenda zake na karatasi. Alipofariki mwaka 1927, diwani ilikuwa bado haijatoka. Ni William Hichens aliyeitoa mwaka 1940, huko Johannesburg, chini ya jina la Diwani ya Muyaka. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: karne nzima tangu mshairi azikwe, na nusu karne karatasi zimo katika rundo la mtu.

Kisa hiki kinaweza kusomwa kwa njia mbili, nami kila wiki huhamia upande mwingine. Waweza kusema rundo liliyaokoa mashairi: laiti Taylor angekuwa mtu wa kutupa asichokitumia, tungekuwa na Muyaka wa beti chache za kubahatisha. Waweza pia kusema rundo liliwadhulumu. Watu wa Mombasa waliozaliwa baada ya wale wazee wenye kuyahifadhi, na kufa kabla ya 1940, waliishi bila mashairi ya mji wao, nayo yapo, yamefungwa, ng'ambo ya bahari. Ninaloliamini zaidi ni kwamba karatasi zile zingekuwa bubu kama Sikujua asingekaa kufafanua. Kazi kubwa ilifanywa na mtu mmoja aliyeyajua mashairi kwa moyo, kabla hayajaingia sandukuni.

Matbaa zilipoenea, mambo yalibadilika upesi, nami nitayapita upesi vilevile. Mwaka 1948 iliundwa East African Literature Bureau, iliyochapisha vitabu kwa lugha zetu na kupeleka vingine mikoani kwa masanduku na kwa posta. Mwaka 1963 ikapitishwa sheria ya huduma za maktaba Tanganyika, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Dar es Salaam. Kisha ukaja mwaka 1970, Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika miaka hiyo, watu wazima waliokuwa hawajawahi kushika kalamu walijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, migomba, ufugaji na uvuvi. Idadi ya wasiojua kusoma, iliyokuwa kama theluthi mbili ya watu wazima mwishoni mwa miaka ya 1960, ilishuka hadi asilimia 39 katika mtihani wa taifa wa 1975.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Baada ya mafuriko ya 1968, serikali iliwahamisha watu wa Bonde la Rufiji hadi vijiji vya juu. Huko juu ndiko alikokutana na ubao na chaki, naye ana ndevu tayari. Alifika hatua ya nne. Cheti chake amekiweka katika sanduku la bati pamoja na vile vitabu vyembamba, madaftari yake, na magazeti yaliyokatika mikunjo. Vyote havifiki thelathini, na vyote amevisoma hata akachoka kuhesabu mara ngapi.

Mwaka 2024 mwezi wa Aprili, maji yalipofurika tena Rufiji na Kibiti, sanduku hilo lilikuwa bondeni kwa mwanawe. Lililetwa kwangu kwa mtumbwi, kisha kwa pikipiki. Vitabu vya chini vilikuwa vimelowa na kushikana kama mkate wa jana. Mjomba mwenyewe alifuata baada ya siku tatu. Nilipomwamkia, aliitikia marahaba huku amekwisha kuelekea sandukuni, akaanza kuvibandua kwa ncha za vidole. Macho yake yana mtoto wa jicho. Alikuwa akivitambua kwa unene.

Kisha akapapasa ukutani, kwenye rundo langu, kutoka sakafuni hadi begani.

"Hivi vyote umeshavisoma, mjomba?"

"Bado, mjomba."

Akanyamaza kidogo. "Basi nisomee kimoja."

Nilitoa kile kilichonitia aibu zaidi. Ni nakala ya kurudufu ya Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, uliochapishwa mwaka 1957 ukiwa na tafsiri ya W. H. Whiteley. Nilikuwa nayo kwa miaka 11. Ngarambe, alikokuwa Kinjikitile, ni upande wa pili wa mto wetu. Mohoro, aliponyongwa tarehe 4 Agosti 1905, ni kusini mwa delta, nasi tuna jamaa huko. Vita vilivyoanzia mlangoni petu vilikuwa chini ya kamusi, vimefunikwa vumbi, na mwenye nyumba anajiita mpenzi wa ushairi.

Tunasoma baada ya isha, beti kumi au kumi na mbili. Mwanzoni nilisoma kama ninavyosoma peke yangu, kwa sauti bapa, hata akanikemea kuwa ninahesabu magunia. Sasa ninaghani kadiri ya uwezo wangu. Tukifika kwenye jina la mahali hunisimamisha, akaeleza njia ya kufika huko kwa miguu, nani alioa huko, na mpunga gani unaota. Nimeanza kuyaandika maelezo yake pembeni kwa penseli. Usiku mwingine ubeti mmoja huchukua saa nzima. Kwa mwendo huu, yale 91 yatanishinda mimi na huenda yakawashinda wanangu.

Juzi basi la Dar es Salaam liliniletea kifurushi cha vitabu vitatu. Nilikiingiza taratibu na kukisukuma chini ya meza, lakini mjomba masikio yake ni mazima.

"Vingapi?" akauliza.

Nikamwambia kimoja.