Bomba la Changamwe na Ahadi ya Majirani

Msomaji, ukitoka kisiwani Mombasa kwa njia ya Makupa, utaingia Changamwe, na hapo, karibu na gati la Kipevu, utaona matangi makubwa ya mafuta. Usiyapite bila kuyatazama. Yanayo historia ya nchi zaidi ya moja.

Kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza kazi hapo mwaka 1963, na kampuni yake ilichukua jina la Afrika Mashariki, si la Kenya peke yake. Mwaka 1978 bomba lilifika Nairobi, na mwaka 1994 likafika Eldoret na Kisumu, ambako malori huchukua mafuta kuyapeleka Uganda. Kiwanda kilisimama mwaka 2013, lakini njia haikufungwa. Mafuta yaliyosafishwa ng'ambo hushushwa Kipevu na kusukumwa bara.

Sasa ifikirie Uganda. Haina bahari, na sehemu kubwa ya mafuta yake hupita katika mlango wa jirani. Ghasia zilipozuka Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Uganda ilipungukiwa na mafuta ingawa haikugombana na mtu. Mwaka 2023 ilibadili sheria yake ili shirika lake la taifa lijiagizie mafuta, badala ya kuyapata kwa makampuni ya Kenya. Kenya ilisita kutoa leseni, kwa kuwa kanuni zake zilimtaka mwagizaji awe na vituo vya kuuzia mafuta nchini.

Nani alikuwa na haki? Kila serikali ilishika sheria yake. Lakini zote mbili zilikuwa zimetia sahihi Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mjini Arusha, tarehe 30 Novemba 1999, zikaahidi kushirikiana katika nishati na uchukuzi. Desemba 2023 Uganda ilipeleka mashtaka katika mahakama ya Jumuiya. Mwaka 2024 Kenya ilitoa leseni, na Julai mafuta ya shirika la Uganda yakaanza kupita katika bomba lile lile.

Mwenye mlango asijione kuwa hahitaji mtu. Tangu mwaka 1958 Kenya ilinunua umeme wa Jinja, nchini Uganda. Sheria ya nchi hutungwa nyumbani, lakini ikigusa kitu kivukacho mpaka, haina budi kupimwa kwa ahadi waliyopeana majirani. Na ahadi ni deni.