Aliyekisoma Kisa cha Mbega

Kwa watu wa zamani, mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu alikuwa kigego, mwenye nuksi, na hakupaswa kuachwa hai. Mbega aliota ya juu kwanza, akaishi. Alikimbia kutoka kwao Nguu, akawinda nguruwe mwitu akiwa na mbwa wake, akapanda milima ya Usambara, na watu wa Vugha wakamtawaza kuwa mfalme. Kisa hicho ndicho kinachofungua Habari za Wakilindi, yaani ukoo wa wafalme wa Usambara, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, mtu aliyekaa na chifu Semboja wa Mazinde na baadaye akawa liwali wa Tanga. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walianza kukichapa mwaka 1895.

Miaka ya 1960 Mmarekani mmoja, Steven Feierman, alifika Lushoto kutafiti historia ya ufalme huo. Alikaa na wazee, akawasikiliza kwa Kishambaa, akalinganisha masimulizi yao na kitabu. Alikuwa mwanahistoria, lakini mbele ya Mbega alifanya kazi ya mhakiki wa fasihi, na naona hiyo ndiyo iliyompa ufunguo. Swali lake halikuishia kwenye ukweli wa Mbega. Alitaka kujua kwa nini kisa kimepangwa vile.

Akatazama chakula. Mbega anakuja na nyama ya porini; Wasambaa, wakulima, wanampa chakula cha shambani. Katika kubadilishana huko mtu wa mwituni anaingia mjini hatua kwa hatua, na kigego anageuka Simba Mwene, yaani mfalme. Mtoto wa Vugha aliyekisikia kisa hicho jikoni hakuhitaji kufafanuliwa. Sisi wengine tulihitaji, na uhakiki huo ukatoka mwaka 1974 katika The Shambaa Kingdom.

Katika Peasant Intellectuals, mwaka 1990, Feierman alishika semi mbili za Kishambaa: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Wasambaa waliwapima wafalme wao kwa semi hizo mvua ilipokosekana. Zilisikika tena miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipowalazimisha wakulima kuchimba matuta kwenye miteremko, nao wakakataa.

Vitabu hivyo viwili aliviandika kwa Kiingereza. Cha Abdallah ni cha Kiswahili. Walimu wa Lushoto, kisomeni darasani, kisha watumeni wanafunzi kwa bibi zao wakaulize: Mbega alipopokelewa, alipewa chakula gani?